Dirisha Upande wa Kufuli

Mama yangu aligeuka ndege wa ghorofani siku aliyoteleza kwenye ngazi. Hakuvunjika. Magoti tu ndiyo yaliyotangaza mgomo, na mgomo wenyewe haukuwa na kiongozi wa kuzungumza naye. Chooni alifika kwa kushika ukuta. Ngazi, hapana. Akafunga kamba kwenye kikapu cha plastiki, akawa anakishusha dirishani: sisi tunatia dawa, limau, uzi wa kufumia, yeye anarudisha vikombe vitupu na maagizo.

"Mkitaka kujua kama mimi ni mzima," aliwaambia wageni kutoka huko juu, "vuteni kamba."

Tulicheka, naye alicheka, hadi siku tulipombeba. Ilibidi akapimwe macho. Mume wangu na fundi mwashi walimshusha juu ya kiti, mmoja mbele mmoja nyuma, wakigombezana kila ngazi kama watu wanaohamisha kabati. Mama alifumba macho njia nzima, kwenda na kurudi. Aliporudishwa chumbani alinawa uso, akaniita.

"Binti yangu, mara nyingine nikibebwa kwenye ngazi hizi, nisiwe na habari."

"Usiwe na habari kivipi?"

"Wewe ni mtu mzima. Fikiri."

Nikafikiri: asiye na habari ni maiti, kwa hiyo ilibidi ahamie chini mapema. Chini tuna sebule ambayo hata kochi linaomba nafasi, na jiko. Basi. Ubavuni mwa jiko ndipo ilipo gereji, na ndivyo tulivyoamua kugeuza gereji iwe chumba cha Mama.

Gari letu lenyewe lilikuwa halijawahi kulala humo. Mume wangu ni fundi magari, ameajiriwa upande wa pili wa mji, na kila alichokionea huruma kazini alikileta nyumbani: matairi yenye upara, injini isiyo na mwili, milango ya magari yasiyojulikana yalikozikwa. Tulivitoa vyote tukavirundika uani, tukavifunika turubai. Ukuta wa uani unaishia kifuani, kwa hiyo jirani aliona kila kitu kilichotoka.

Jirani huyo mimi namwita Kufuli. Simwiti hivyo akisikia. Ni mzee mstaafu, mrefu, nadhifu, na geti lake lina kufuli tatu, kila moja na ufunguo wa rangi yake. Siku tuliyokuwa tunatoa matairi aliinua shingo juu ya ukuta.

"Mnafanya nini, jirani?"

Mimi mdomo wangu haujui kukaa bila kazi. "Tunageuza, baba. Gereji sasa itafanya kazi ya maana. Vyote vilivyochoka magoti tutavipokea. Karibu uwe mteja wetu wa kwanza."

Hakucheka. Shingo ikashuka polepole nyuma ya ukuta. Tangu hapo, salamu yangu akawa anaijibu kama mtu anayelipa faini.

Sasa, mimi ni dobi. Niliwahi kuwa na kibanda changu mwenyewe, kizuri, kina kaunta na pazia. Kikapigwa X nyekundu asubuhi kwa kuwa hakina kibali, na mchana nikawa nakung'uta mashati ya watu kwenye vumbi la tingatinga. Ukipitia hapo, neno kibali ukilisikia unasimama wima kama mtoto wa shule. Nikaenda ofisi ya majengo mwenyewe, kabla hata tofali moja halijasogea.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa msichana mwenye buti za matope na utaratibu wa daktari. Alianza kwa kugonga kuta na kusikiliza.

"Sakafu hii inateremka," akasema.

"Ya gari hiyo," akajibu fundi mwashi. "Maji yapate pa kukimbilia." Fundi huyu tunamwita Nusu Saa, maana kila kazi kwake ni nusu saa tu.

"Mama si gari. Ataamka usiku aende asikotaka. Ipandisheni iwe sawa na ya jikoni, na chini ya zege mtandike nailoni, la sivyo unyevu utapanda hadi kwenye godoro. Huu mlango wa jikoni uwe mzito na ujifunge wenyewe, moto ukianza kwenye sufuria usimfuate kitandani. Wa mbele upite kiti cha magurudumu."

"Hana kiti cha magurudumu," nikasema.

"Sheria haijui hilo, dada. Sheria inajua kuzeeka." Akageuka. "Na dirisha?"

Hapo ndipo tulipokuwa wadogo. Kushoto ni jiko. Nyuma ni shimo la maji machafu. Mbele, juu ya mlango, kuna paa la kibaraza linalokula mwanga wote. Ukuta uliobaki ni wa kulia, nao unatazamana na nyumba ya Kufuli, karibu kiasi kwamba mkipiga chafya mnasalimiana.

"Chumba bila dirisha ni stoo," akasema mkaguzi, "na stoo hailazwi mtu. Lakini umbali huu haufiki. Ili dirisha likae hapa, lazima jirani akubali mbele yangu, kwa kinywa chake, kisha atie sahihi. Nitarudi Alhamisi. Akikataa, rudisheni matairi."

Kutoka ghorofani kikapu kikashuka taratibu. Ndani yake mlikuwa na limau lenye kovu la kisu. Ilikuwa ishara ya Mama kwamba amesikia yote na yamemchachia.

Nisingekuwa na wasiwasi kama jirani angekuwa mtu mwingine. Lakini Kufuli, kuanzia hapo nilipoanza kumchunguza, kila alichofanya kilikuwa na doa. Chumba chake kinachotazamana na gereji yetu kina pazia zito la bluu, nalo hufungwa mchana kutwa, jua liwakapo. Mke wake nilikuwa nikimwona kwa nadra, machweo, akiingia kwenye gari linalomsubiri kwenye kona, mfuko mkubwa mkononi, hatazami kulia wala kushoto. Asubuhi moja nilimwona Kufuli amesimama kwenye kigoda, simu mkononi, anapiga picha turubai letu. Aliponiona akaigeuza simu angani, kama anayepiga picha mawingu. Mawingu hayakuwepo.

"Ana kitu nyuma ya lile pazia," nikamwambia mume wangu.

"Ana kitanda."

"Mchana?"

"Wewe dobi, unaona doa hata kwenye shati jipya. Nenda kaongee naye kama mtu."

Nilikwenda. Nilimkuta getini anatia mafuta kufuli ya katikati, kwa kijichupa chenye mdomo mwembamba, tone kwa tone.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Nimekuja kwa ile habari ya gereji."

"Nilijua mtakuja. Kila kitu kikishatolewa uani ndipo jirani anakumbukwa."

"Hatujaanza, baba. Mkaguzi amesema lazima ukubali kwanza, kwa sababu litakuwa upande wako."

"Upande wangu." Alifuta mdomo wa chupa. "Mangapi?"

"Moja tu."

"Wote huanza na moja."

"Moja linatosha, baba. Lenyewe ni kubwa."

"Kubwa," akasema, kama mtu aliyeambiwa na daktari ukubwa wa uvimbe wake. "Na litakaa hapo siku zote?"

"Sasa liende wapi?"

"Mchana mtakuwa mnafanya nini nalo?"

Swali la ajabu. Lakini kwa mwenye pazia la bluu, nikaona ndilo swali lenyewe: anataka kujua ni saa ngapi jicho letu litakuwa wazi. Nikamjibu kwa upole uliojaa mtego. "Tutalifungua asubuhi, tutalifunga jioni. Kama watu wote."

"Kila siku?"

"Mvua ikinyesha tutaliacha."

Akaiweka chupa chini. "Na mama yako, na magoti yale, mnamfanyia haya chini ya kitanda chake?"

"Ni kwa ajili yake. Tena mwenyewe ndiye atakayekuwa analifungua. Siku asipojisikia, nitalifungua mimi."

Kufuli alinitazama kwa muda mrefu. Nimewahi kutazamwa hivyo mara moja tu, na bibi arusi niliyemuunguzia gauni.

"Nimeishi na watu wengi," akasema, "lakini nyinyi mna ujasiri. Alhamisi nitakuja. Nitasema ninachotaka kusema mbele ya huyo mkaguzi." Akafunga kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu, nami nimesimama hapo hapo.

Nilirudi nyumbani natokota. Nusu Saa alikuwa amekalia ndoo, anasubiri kauli.

"Amekataa?"

"Amekataa bila kukataa."

"Basi tulitoboe leo. Nusu saa tu. Akija kushtuka, dirisha lina pazia na maua."

"Na X nyekundu je? Utaifuta wewe?"

Akainamisha kichwa. Naye aliwahi kujenga ukuta uliobomolewa kabla plasta haijakauka. Hilo ni somo lisilohitaji marudio.

Nilipanda kumwambia Mama. Alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, anafuma kitu ambacho hakuna anayejua kitakuwa nini. Nikamsimulia neno kwa neno, na sauti ya Kufuli nikaiigiza.

"Rudia hapo," akasema. "Aliuliza nini?"

"Mangapi."

"Mangapi nini?"

"Madirisha, Mama. Tunazungumzia nini kingine?"

"Chumba ni kimoja. Ukuta ni mmoja. Nani anauliza madirisha mangapi?"

"Mtu mwenye cha kuficha."

"Anayefunga pazia mchana ana cha kuficha au ana usingizi," akasema Mama. "Wewe umechagua moja, hukulipa nafasi la pili." Akavuta uzi. "Mangapi," akarudia peke yake, kama mtu aliyepewa chenji isiyotimia.

Mimi sikulijali. Nilishapanga yote kichwani: chumba cha bluu, mfuko mkubwa, gari la kwenye kona. Alhamisi nikikataliwa, nitasema mbele ya mkaguzi, huyu hataki dirisha kwa sababu anajua litaona nini. Ulimi wangu niliunoa kabisa.

Alhamisi mkaguzi alifika na buti zake. Nusu Saa alikuwa amevuta kamba ukutani kuonyesha dirisha litakapokaa. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, akaja na ovaroli yake nyeusi kwa grisi, bisibisi mfukoni. Kufuli akaingia uani kwetu kwa mara ya kwanza, na koti lake na kofia. Alitazama turubai. Alitazama ovaroli. Alitazama bisibisi. Kichwa kikatikisika kidogo, kama cha mtu aliyepata ushahidi na hakuufurahia.

"Mzee," mkaguzi akasema, "umeelezwa jambo lenyewe?"

"Nimeelezwa vizuri sana."

"Unakubali?"

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini huku ni mahali pa kuishi. Mke wangu ni muuguzi, zamu yake ni ya usiku. Mchana analala, nyuma ya pazia lile pale. Mwaka wa kwanza aliokuwa hapati usingizi alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote, hakujua. Mtu huyo ana wagonjwa mkononi. Nimefunga kufuli tatu ili hata muuza sabuni asigonge geti. Leo wanasema moja. Kesho matano. Nyundo, moshi, honi, mafuta yakitiririka hadi kwangu."

Ulimi niliounoa ukakosa pa kukata. Muuguzi. Nilianza kuona mfuko ule mkubwa upya, na gari la kwenye kona, na nikatamani kuona kitu kingine chochote.

Mkaguzi alikunja uso. "Honi ya nini, mzee?"

"Muulize huyu bibi. Aliniambia getini kwangu, kwa kinywa chake. Litafunguliwa asubuhi, litafungwa jioni. Tena atakayelifungua ni mama yake. Mwanamke mwenye magoti yale."

"Ndiyo," nikasema, "kwani kufungua dirisha ni kazi ya magoti?"

"Dirisha gani?"

Mume wangu ndiye aliyeanza kuelewa. Nilimwona anaificha bisibisi nyuma ya mgongo polepole, kama mwizi. Huko kazini kwake, gari likifunguliwa limefunguliwa kwelikweli, nati kwa nati, na likifungwa jioni mshukuru Mungu kama hakuna iliyobaki.

Kikapu kikashuka kutoka ghorofani, kikagonga bega la Kufuli, kikasimama hapo kinaning'inia. Wote tukatazama juu.

"Jirani," Mama akasema, amelala kifua kwenye dirisha. "Unauliza mangapi. Mangapi nini?"

Kufuli akavua kofia. "Magari, mama. Magari ya kutengenezwa. Wanafungua gereji."

"Wanafunga gereji, baba. Hapo panakuwa chumba. Na wala si mangapi. Ni mmoja. Ni mimi."

Mzee alibaki na kofia mkononi. Macho yake yalitoka kwenye kamba ya Nusu Saa ukutani, yakapanda hadi kwa Mama, yakarudi kwangu.

"Lakini uliniambia mtapokea vyote vilivyochoka magoti."

"Nilimaanisha wazee, baba."

"Ukasema karibu niwe mteja wa kwanza."

"Nilikuwa natania."

"Mimi nilijua unalisema gari langu," akasema, kwa uchungu wa kweli. "Linagonga mbele upande wa kushoto. Nikajiuliza, huyu amelisikia lini?"

Nusu Saa alicheka hadi akakaa kwenye ndoo yenye maji. Mume wangu hakuthubutu. Aliuma midomo, mabega yakitetemeka. Mkaguzi peke yake ndiye aliyebaki kazini.

"Haya. Gereji haipo. Ni dirisha moja la chumba cha mgonjwa. Mzee, unakubali?"

Nilidhani yameisha. Lakini Kufuli alivaa kofia, akaivua tena. "Nawaonea huruma. Ila dirisha nalo lina redio. Lina wageni. Lina huyu," akanionyesha kwa kidevu, "na mdomo wake. Usingizi si wangu, mwanangu. Siwezi kuutilia sahihi usingizi wa mtu mwingine. Na siwezi kumwamsha nimuulize."

Akasema kwa adabu hata sikupata pa kukasirikia. Mkaguzi akatazama barabarani. Alikuwa na nyumba nyingine za kukagua. Nilimtazama Mama. Hakuwa anamtazama yeyote kati yetu. Alikuwa anatazama ile kamba ukutani, mraba wa kamba juu ya plasta kuukuu, na mkono wake ulikuwa unavuta kikapu juu, polepole, kama mtu anayeanza kufungasha. Hakuna mahali pengine pa dirisha. Na ngazi hizi mara nyingine atazishuka akiwa hana habari.

"Siku zote nazungumza kwa sauti ya chini," nikasema. Hata mume wangu alinigeukia.

Ndipo pazia la bluu lilipovutwa. Mwanamke alikuwa dirishani, kanga kifuani, nywele zimelala upande mmoja, jicho moja bado halijaamka.

"Nani aliyesema siwezi kuamshwa?" akauliza. "Nimesikia yote tangu honi. Sijapata kulala kwa sababu mnabishana juu ya kelele."

"Mke wangu, rudi ulale," Kufuli akasema.

"Nitalala. Yule mama juu, ndiye mgonjwa wenyewe?"

"Ndimi, mwanangu," Mama akajibu. "Samahani kwa kikao hiki."

"Unakoroma?"

"Sijawahi kujisikia."

"Anakoroma," nikasema, kisha nikajiuma ulimi.

"Afadhali. Wodini nimezoea," akasema muuguzi. "Kioo cha chini kiwe cha ukungu, tusitazamane tukivaa. Redio, hapana. Wekeni dirisha mmshushe mtu." Akavuta pazia. Kisha sauti yake ikatoka nyuma yake, imeshaanza kuzama: "Baba, tia sahihi uache watu."

Kufuli alitia sahihi akiwa ameegemea injini isiyo na mwili. Alipomaliza aliipapasa kidogo, akamwuliza mume wangu kwa sauti ya chini kama ana dawa ya gari lenye ugonjwa wa kugonga mbele.

Nusu Saa alifanya kazi ya wiki kadhaa na kila siku aliapa ni nusu saa. Nailoni ikatandikwa, zege likapanda, mlango mzito ukawekwa, nao ukawa unajifunga wenyewe kwa hasira. Mkaguzi akarudi, akagonga kuta, akasikiliza, akasema sasa mtu anaweza kulala.

Mama alikataa kiti. Alikataa mikono. Alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa na kuanza kushuka kwa makalio, ngazi moja, anapumua, ngazi nyingine, kama mtoto anayejifunza nyumba. Mume wangu alitangulia kinyumenyume, mikono wazi, haruhusiwi kumgusa.

"Ukinishika," Mama akamwambia, "nitakuita fundi wa gereji."

Chini akashika kitasa cha mlango, akasimama, akavuka jiko hatua kwa hatua hadi kizingitini. Hakuingia. Aliitazama sakafu kwa jicho lile lile ninalotazamia mifuko ya wateja. Kisha akatoa limau kwenye kikapu chake, akainama kwa shida, akaliweka katikati ya chumba, akaliachia.

Nusu Saa aliacha kupumua.

Limau lilitikisika kidogo. Likatulia.

Mama akalisubiri zaidi, huenda linatudanganya. Halikwenda popote. Ndipo akaingia, akakaa kitandani, akainua mkono kuelekea dirishani.

"Lifungue," akaniambia.

Nikashika komeo. Ng'ambo, pazia la bluu lilikuwa limefungwa.

"Taratibu," akanong'ona. "Kuna mtu amelala."